Sabuni Isikae Kabatini: Vidokezo kwa Wazazi na Walimu wa Mbugangari

Muulize mtoto yeyote wa darasa la tatu hapa Mbugangari, mjini Gisenyi, ni wakati gani anatakiwa kunawa mikono. Atakujibu papo hapo: kabla ya kula na baada ya kutoka chooni, tena kwa sabuni. Somo limeingia. Sasa mwangalie wakati wa mapumziko. Anachomoka chooni mbio kwa sababu mpira umeshaanza, ndoo ya maji iko upande wa pili wa uwanja, na sabuni imefungiwa kabatini ofisini. Atanawa saa ngapi?

Ndiyo maana vidokezo hivi vinazungumzia zaidi vidumu, kamba, sabuni na foleni, na mawaidha ni machache. Watoto wetu wamehubiriwa vya kutosha. Wanachokosa ni vifaa, na vifaa ni kazi yetu sisi wakubwa.

Tena sisi wa Gisenyi hatuhitaji kushawishiwa kwamba mikono hubeba maradhi. Waliokuwapo Julai 1994 wanakumbuka kipindupindu na kuhara damu vilivyowamaliza makumi ya maelfu ya wakimbizi Goma, hatua chache kutoka hapa. Ebola ilipotangazwa Kivu Kaskazini Agosti 2018, na hasa ilipofika Goma Julai 2019, watu waliovuka mpaka wa Petite Barrière walinawa na kupimwa joto kwanza. Mlipuko ule uliua watu zaidi ya 2,200 ng'ambo kabla haujatangazwa kwisha Juni 2020, na Rwanda haikupata mgonjwa hata mmoja. Katikati yake ikaja Covid: mgonjwa wa kwanza nchini alithibitishwa 14 Machi 2020, shule zikafungwa siku mbili baadaye, na ndoo za kunawia zikasimama mbele ya kila duka. Mwaka 2024 ikawa mpox mwezi Julai, kisha Marburg mwezi Septemba, iliyoondoka na watu 15 kabla ya kutangazwa kwisha 20 Desemba. Kila mara ndoo zilitoka, na kila mara hofu ilipopungua zilirudi stoo.

Kuhara kwa kawaida, minyoo, mafua na macho mekundu havina siku ya kutangazwa kuanza wala kwisha. Hivyo ndivyo vinavyomtoa mtoto darasani, muhula baada ya muhula, na dawa yake ya kwanza ni ileile ndoo iliyoko stoo.

1. Weka maji na sabuni pale mtoto anapopita

Kama utaweza kufanya jambo moja tu kati ya haya yote, fanya hili. Kituo cha kunawia kikae hatua chache kutoka mlango wa choo, upande unaoelekea uwanjani, ili mtoto anayetoka akipite hata kama akili yake iko kwenye mpira. Kingine kikae kati ya madarasa na mahali pa kugawia chakula. Kituo kilichowekwa getini kinawapendeza wageni, ila getini mtoto hapiti baada ya kwenda chooni.

Kuna jaribio moja la Bangladesh ambalo ningependa kila mwalimu mkuu alijue. Katika shule mbili za msingi za kijijini, watafiti walijenga vituo vya kunawia, wakatandaza njia ya rangi kutoka chooni hadi kwenye maji, wakachora nyayo kwenye njia hiyo na viganja pale pa kunawia. Hawakuongeza somo wala hotuba. Kabla ya hapo, watoto 4 katika kila 100 ndio walionawa kwa sabuni baada ya choo. Siku moja baada ya kazi kukamilika walikuwa 68, na baada ya wiki sita walikuwa 74. Shule zilikuwa mbili tu na muda ulikuwa mfupi, lakini badiliko la namna hiyo kwa gharama ya rangi na matofali linastahili kujaribiwa hapa.

Kwetu ardhi ni changarawe nyeusi ya volkano na rangi haitashika. Tumia mawe ya lava, ambayo hakuna kiwanja kinachoyakosa. Yapakeni chokaa nyeupe, yapangeni pande mbili za njia kutoka chooni hadi kwenye kidumu. Wape watoto wenyewe kazi ya kuyapaka. Njia waliyoitengeneza kwa mikono yao wataifuata.

2. Jengeni kandagira ukarabe, na moja haitoshi

Kila Mnyarwanda anaifahamu: unakanyaga kijiti, kidumu kinainama, unanawa. Wazo lake ni la zamani; Zimbabwe walikuwa wakilitumia kwa vibuyu tangu miaka ya 1980. Uzuri wake mkubwa ni kwamba mkono haugusi chochote. Kwenye bomba la kawaida mtoto hulifungua kwa mkono mchafu, ananawa, kisha analifunga kwa kushika uchafu uleule aliouacha. Uzuri wa pili ni maji: tundu dogo hutoa mchirizi mwembamba, kwa hiyo kidumu cha lita 5 huwahudumia watoto wengi.

Kwa ambaye hajawahi kuijenga, hatua ni hizi. Chukua kidumu cha lita 5 chenye mshikio na mfuniko. Pasha msumari moto, toboa tundu moja dogo upande wa mbele, kama sentimita 12 chini ya mfuniko. Toboa mfuniko pia, pitisha kamba, piga fundo kwa ndani. Tafuta miti miwili yenye panda juu, kila mmoja mita 2, uichimbie nusu mita ardhini, iachane kama sentimita 70. Pitisha fito kwenye mshikio wa kidumu, ilaze juu ya panda mbili. Ncha ya chini ya kamba ifungwe kwenye kijiti kilicholala ardhini, hicho ndicho cha kukanyagia. Sabuni ining'inie pembeni kwa kamba yake. Chini tandaza changarawe, imeze maji, pasiwe na tope wala mbu.

Jengeni za vimo viwili. Mtoto wa darasa la kwanza haifikii ya kimo cha mwalimu, na akishindwa mara mbili hatarudi. Umuganda wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unatosha kabisa kwa kazi hii: wazazi ishirini wenye mapanga na misumari wanaweza kuipa shule vituo kumi kabla ya saa tano asubuhi.

Udhaifu wake nautaja wazi. Kamba hukatika, miti huliwa na mchwa, vidumu huibwa au hupasuka kwa jua. Kwa hiyo siku ya kuijenga ndiyo siku ya kuamua nani atajaza maji asubuhi na nani atafunga kamba mpya. Kituo kisicho na mwenyewe hakimalizi muhula.

3. Tumieni maji ya sabuni kwenye chupa

Walimu wengi hufungia sabuni kwa sababu ya kweli: kipande cha sabuni kikiachwa nje asubuhi, mchana hakipo. Suluhisho limeshatumika miaka mingi, Bangladesh na pia katika shule za Nyanza, Kenya. Chukua gramu 30 za sabuni ya unga ya kufulia, changanya na lita moja na nusu ya maji, tikisa. Toboa tundu dogo kwenye mfuniko wa chupa, ifunge kwenye nguzo. Hakuna atakayeiba chupa ya maji ya povu, na mikono husafishwa sawasawa.

Tufanye hesabu. Mtoto akitumia kama mililita 3, chupa moja hunawisha mara 500. Shule yenye watoto 1,000, kila mmoja akinawa mara mbili kwa siku, itahitaji chupa 4, sawa na gramu 120 za sabuni ya unga. Ongeza ya kumwagika na kuchezewa, sema chupa 6. Bado ni gramu 180 kwa siku, chini ya kilo moja kwa wiki nzima ya masomo. Shule ikisema haina uwezo wa sabuni, kaeni na mkuu wa shule muipige hesabu hii pamoja naye.

Kama mnapendelea kipande, kitieni kwenye soksi kuukuu au wavu wa vitunguu, mkining'inize. Kitakauka kati ya mtoto na mtoto na hakitayeyukia kwenye tope.

Tatizo hili si letu peke yetu. Takwimu za WHO na UNICEF za mwaka 2019 zilionyesha kwamba shule 43 katika kila 100 duniani hazikuwa na mahali pa kunawia penye maji na sabuni pamoja, na watoto waliosoma kwenye shule hizo walikuwa milioni 818.

4. Ipangeni upya foleni ya chakula cha mchana

Tangu serikali ilipopanua mpango wa chakula shuleni hadi madarasa yote, mtoto wa shule ya msingi ya umma hula shuleni, na mwaka 2022 mchango wa mzazi uliwekwa kuwa faranga 975 kwa muhula. Ni jambo jema sana. Lakini linamaanisha kwamba mlo mmoja muhimu wa siku unaliwa mahali ambapo mamia ya mikono hukutana kwa nusu saa, na maharage yakishikana na kawunga, kijiko husahaulika.

Wengi hukata tamaa hapa wakisema muda hautoshi. Wana haki, kama mambo yatabaki yalivyo. Mtoto mmoja akitumia nusu dakika kwenye kidumu, vidumu 10 huhudumia watoto 20 kwa dakika, na watoto 1,000 watamaliza baada ya dakika 50. Chakula kitakuwa kimepoa na kengele imeshalia.

Kwa hiyo gawanyeni kazi. Watoto walowanishe mikono na kupata sabuni wakiwa bado kwenye mstari wa darasa, mwanafunzi mmoja akipita na chupa. Wasugue wakisonga mbele. Kwenye kidumu wafike kwa kusuuza tu, sekunde tano sita. Foleni ileile itakwenda mara nne au tano haraka zaidi. Halafu madarasa yasitoke yote pamoja; darasa la kwanza litangulie, la pili lifuate baada ya dakika tano.

Ufilipino wamekwenda mbali zaidi kwa programu yao ya Fit for School. Bomba refu la plastiki hutobolewa matundu mengi, huinuliwa kwa kimo cha watoto, na darasa zima hunawa kwa pamoja kila siku, mwalimu akiwa mbele. Fundi bomba yeyote wa hapa mjini anaweza kulitengeneza. Na kuna faida nyingine: mtoto asiyependa kunawa peke yake hunawa wenzake wanaponawa.

5. Sekunde 20, na vidole gumba visisahaulike

Watoto wengi hunawa viganja tu. Uchafu hujificha kati ya vidole, nyuma ya mkono, chini ya kucha na kwenye kidole gumba. Wafundishe mpangilio mmoja usiobadilika: kiganja kwa kiganja, nyuma ya mkono, kati ya vidole, vidole gumba, kisha ncha za vidole zikisuguliwa kiganjani. Kwa kupima muda, wataje jedwali la mbili kutoka mara moja hadi mara kumi na mbili bila haraka. Wakimaliza jedwali, sekunde 20 zimepita, na mwalimu wa hesabu atafurahi.

Maji baridi yanatosha. Kinachofanya kazi ni sabuni na msuguano: sabuni huachanisha mafuta na ngozi, msuguano hung'oa, maji yanapeleka chini.

6. Kausheni kwa hewa

Taulo moja kwa watoto hamsini ni njia ya haraka ya kusambaza macho mekundu. Iondoeni. Mtoto akung'ute mikono, aiinue juu, aipungie upepo hadi ikauke. Asijifutie kwenye sare, na asikimbilie mchangani mikono ikiwa mibichi, kwa maana mkono uliolowa huchukua na kutoa vijidudu kwa urahisi kuliko mkavu.

7. Kucha kila Jumatatu

Mwalimu wa darasa akague kwa dakika tatu, na kucha ndefu zikatwe kwa mkasi wa kucha uliosafishwa kwa spiriti kati ya mtoto na mtoto. Hapa shule zetu zinafanya vizuri kuhusu nywele. Kucha nazo zipewe nafasi hiyohiyo.

8. Choo kipya bila sabuni kinaweza kuongeza hatari

Watu hushangaa wakisikia hili, lakini lilionekana katika utafiti uliofanyika Nyanza ya Kenya na kuchapishwa mwaka 2012. Shule zilijengewa vyoo vipya. Watoto wakaanza kuvitumia zaidi, jambo lililotarajiwa. Lakini mikono ya wasichana ilipopimwa, ilikuwa na vijidudu vya kinyesi zaidi kuliko ya wasichana wa shule ambazo hazikupata vyoo hivyo. Sababu inayodhaniwa inaeleweka ukifikiri kidogo: choo kikiwa kizuri mtoto hukitumia mara nyingi, na asipokuwa na karatasi wala maji ya sabuni, kila mara anatoka na mikono michafu.

Basi mfadhili akija na mpango wa vyoo, kamati ya wazazi iulize swali la sabuni siku hiyohiyo, kabla msingi haujachimbwa.

Kuhusu wasichana niongeze neno moja. Shule nyingi za Rwanda zina icyumba cy'umukobwa, kile chumba cha faragha cha wasichana wakati wa hedhi. Ingieni mkatazame, mama mmoja pamoja na mwalimu wa kike. Kama kuna kitanda na pedi lakini hakuna maji na sabuni humohumo ndani, chumba hakijakamilika. Msichana hapaswi kubeba aibu yake hadi kwenye kidumu cha uwanjani mbele ya wavulana.

9. Jiandaeni kwa siku bomba linapokauka

Tunajua linakauka. Maji ya mji wetu hutegemea sana kiwanda cha Gihira, nacho huchota kutoka mto Sebeya, mto unaoteremka na udongo mwingi kila mvua inapokuwa kubwa. Hatujasahau usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, Sebeya ulipofurika, na mafuriko na maporomoko yakaua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi, Kaskazini na Kusini. Ajabu ya mvua ni hiyo: siku maji yanapozidi barabarani ndiyo siku yanapokosekana bombani, na ndiyo siku ya hatari zaidi kwa kuhara.

Tangi la kuvuna maji ya paa linasaidia sana kwa kunawia, na mabati ya madarasa ni mapana. Wekeni mfereji, wekeni kichungio cha majani mdomoni mwa tangi, na mlifunike. Maji ya kunawa si lazima yawe ya kunywa, mradi yawe masafi kwa macho na mtoto asiyaonje. Shule isiyo na tangi iwe na pipa moja la lita 200 lenye bomba, lisiloguswa ila siku bomba linapokauka. Kwa vidumu vyenye mchirizi mwembamba, lita 200 huipitisha shule siku moja kama matumizi yatasimamiwa.

Sabuni ikikosekana kabisa, majivu safi ya jikoni yanaweza kusaidia kusugua kwa siku hiyo. Huenda ni bora kuliko maji matupu, lakini yasigeuzwe mazoea.

10. Kitakasa mikono kina mipaka yake

Tangu Covid, wazazi wengine humpa mtoto kichupa cha kitakasa mikono na kuamini kazi imekwisha. Kitakasa chenye alkoholi isiyopungua asilimia 60 kinaua virusi na bakteria wengi pale ambapo mikono haionekani kuwa michafu. Mikono iliyotoka kuchezea vumbi jeusi la uwanjani ni jambo lingine: uchafu huizuia alkoholi isifike. Na mayai ya minyoo hayafi kwa kitakasa. Yanatakiwa kung'olewa kwa sabuni na kusombwa na maji. Kichupa kinafaa kwa safari na kwa daladala. Shuleni, maji na sabuni.

Na kwa watoto wa chekechea, kichupa kikae kwa mwalimu. Kina harufu tamu, na kuna watoto wanaokinywa.

11. Kidonge cha minyoo peke yake hakitoshi

Watoto wetu hupewa dawa ya minyoo kwa kampeni, na wajumbe wa afya wa vijiji, wale abajyanama b'ubuzima, huifanya kazi hiyo kwa bidii. Matokeo yanaonekana. Upimaji wa kitaifa wa mwaka 2008 uliwakuta takriban watoto wa shule 66 katika kila 100 wakiwa na minyoo ya tumbo. Wa mwaka 2014 uliwakuta 45. Ni maendeleo makubwa, na bado ni karibu nusu.

Sababu ya kubaki ni kwamba dawa hutoa minyoo iliyomo tumboni leo, lakini haimkingi mtoto na yai atakalolimeza kesho. Yai la minyoo mikubwa, askarisi, lina ganda lenye kunata na huweza kuishi udongoni miaka. Mtoto huchezea udongo, hula embe, na mzunguko unaanza tena. Kidonge na sabuni viende pamoja, hasa wiki chache za mwanzo baada ya kampeni, tumbo likiwa safi.

Kuhara damu nako kunafundisha lilelile. Bakteria wake wachache sana, hata chini ya mia moja, wanatosha kumwangusha mtu, na idadi hiyo hukaa kwenye ncha ya kidole kimoja bila kuonekana.

12. Nawa kwa ajili ya kifua pia

Wazazi huhusisha mikono na tumbo tu. Mafua husafiri kwa mikono vilevile: mtoto anapenga kamasi, anamshika mwenzake, mwenzake anajisugua macho. Katika mitaa maskini ya Karachi, Pakistani, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulizipa familia sabuni na kuzihimiza kunawa. Watoto wa chini ya miaka mitano katika familia hizo waliugua nimonia kwa nusu tu ya kiwango cha majirani zao, na kuhara kukapungua kwa zaidi ya nusu. Hii ni sabuni ya kawaida ya dukani. Kwa mji kama wetu, ambako vifua hubana kila msimu wa mvua, ni habari ya kuwekwa moyoni.

Kwa hiyo ongezeni wakati wa tatu kwenye orodha ya mtoto: baada ya kupenga au kukohoa mkononi.

13. Msimchape wala kumwaibisha

Mtoto anayepigwa kwa mikono michafu hujifunza kuificha mifukoni. Wapeni kazi wakubwa: wanafunzi wa darasa la tano na la sita wasimamie vidumu kwa zamu, wavulana kwa wasichana, wakiwaonyesha wadogo namna ya kusugua. Zamu ibadilike kila wiki ili isiwe adhabu kwa mtu mmoja. Mwalimu naye anawe mbele yao, pale pale kwenye kidumu chao, kabla ya kula chakula kilekile. Nimeona shule ambazo walimu wana bomba lao na sabuni yao nyuma ya ofisi. Watoto wanaliona hilo, na wanaelewa kwamba sabuni ni ya wakubwa.

14. Nyumbani kuwe na desturi ileile

Mtoto hukaa shuleni saa chache. Jioni anarudi, anaokota sambaza mbili tatu za kukaanga kwenye sahani ya dada yake, anambeba mdogo wake, anashika ugali. Kandagira ukarabe moja kwenye mlango wa choo cha nyumbani haigharimu kitu zaidi ya kidumu cha mafuta kilichokwisha. Mama anayerudi kutoka sokoni Mbugangari au kutoka Goma na mzigo, naye anawe kabla hajamshika mtoto wa mgongoni. Pesa na kamba za mizigo zimepita mikono mingi. Mkiwa kwenye umugoroba w'imiryango, kile kikao cha jioni cha familia, wekeni jambo hili mezani, kila nyumba iseme ina kituo au haina, na wenye nacho wawasaidie wasio nacho.

15. Ulizeni bajeti ya sabuni

Hiki ndicho kidokezo ninachokiomba zaidi. Mkutano ujao wa wazazi, mzazi mmoja asimame na kwa heshima amuulize mkuu wa shule maswali matatu: sabuni ya muhula huu imetengewa faranga ngapi, nani anaikabidhi kila asubuhi, na siku ikiisha nani anaambiwa. Kama jibu la swali lolote ni kimya, kubalianeni mchango mdogo hapohapo, chagueni mama na baba wawili wa kuusimamia, na waandike kwenye daftari kila kilo inayonunuliwa. Msisubiri tarehe 15 Oktoba, Siku ya Kunawa Mikono Duniani, ambapo shule nyingi hupiga picha. Msisubiri pia mlipuko mwingine ng'ambo ya mpaka. Chini ya kilo moja ya sabuni ya unga kwa wiki inaitosha shule ya watoto elfu moja. Wazazi wa Mbugangari, tuinunue.